Nyota za Chaki

3 Februari

Binti yangu,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tunapigana. Wewe unanikata kauli kabla sijafika nusu, nami nikikatwa kauli napandisha sauti, mwishowe kinyozi wa jirani anakuja mlangoni na wembe mkononi kuuliza kuna nini. Karatasi haimkati mtu kauli. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, hata kama utakunja uso.

Ulisema duka langu ni jumba la makumbusho. Neno hilo nimelala nalo na nimeamka nalo. Kwenye makumbusho watu hulipa kuingia, mwanangu. Hapa kwangu wanaingia bure. Jana alikuja mama mmoja na binti yake anayetarajia kuolewa. Nikawashushia majora ya vitambaa mpaka kaunta haionekani. Wakashika, wakapapasa, wakajitanda mabegani mbele ya kioo, wakaniuliza kipi hakichuji na kipi hakijikunji. Nikawaeleza kila kitu. Halafu yule binti akatoa simu, akaipiga lebo picha, akamwambia mama yake bila hata kunong'ona, "Hiki nimekiona mtandaoni, kule ni rahisi." Wakaniaga kwa adabu zote. Nikabaki nakunja. Siku hizi mimi si muuzaji tena, mimi ni mtu wa kuonjesha.

Na wewe, uliyekulia juu ya kaunta hii hii, umekwenda kujiunga nao.

Najua una hasira kwa sababu nilikunyima ile kona ya mbele uweke magauni yako ya watoto. Nilisema duka la vitambaa ni la vitambaa, na bado nasema hivyo. Lakini ulichofanya baada ya hapo ndicho kilichoniuma. Duka bila mlango! Mteja hamwoni muuzaji, muuzaji hamwoni mteja, nguo haiguswi mpaka pesa zimeshaondoka. Mtu hanunui asichokishika. Watu watachoka, utaona. Na nakuambia mapema usije ukakaa unategemea: mimi kwako sinunui hata leso.

Mzigo mpya umefika leo. Nimeupanga peke yangu na kuutia alama za chaki kama kawaida: nyota moja mbele, ambapo mteja anaona akiingia tu, nyota mbili rafu ya chini, mpaka zile za nyota tano nyuma ya mlango, vitambaa vya kufutia meza. Zamani kuchora nyota ilikuwa kazi yako. Zangu zinatoka kama buibui aliyekanyagwa.

Baba yako

*

21 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho, na uso nimeukunja.

Unanilaumu kwamba nimejiunga "nao". Mimi nilikuja kwako kwanza. Nilisimama mbele ya kaunta kama mteja na sampuli zangu kwenye mfuko, nikakuomba kona ulipoweka ngazi mbovu na ndoo ya rangi iliyokauka. Ukaniambia magauni yatakuchafulia duka. Ngazi haichafui, magauni yanachafua. Basi nikaenda penye watu walionipa nafasi bila kuniuliza mimi ni binti wa nani.

Unataka kujua ninavyofanya kazi? Chumba changu kimoja ndicho studio. Natundika gauni kwenye fimbo ya pazia, nasubiri jua lifike dirishani, napiga picha. Chumba cha pili anakaa fundi wangu na cherehani yake. Nimempa jina la Sindano, kwa vile ni mwembamba, na ukimgusa vibaya anachoma. Aliacha kazi kiwandani aje kushona na mimi. Tunakula sufuria moja, tunagombana kuhusu redio, na sijawahi kuona mkono kama wake. Tukimaliza tunapeleka mzigo kwenye ghala la wenye soko la mtandaoni, na wao ndio wanaosafirisha. Mimi sioni anwani ya mnunuzi wala sura yake, naona jina alilojipachika tu.

Unasema mtu hanunui asichokishika. Kuna mama mmoja ana mtoto mnene. Kila duka akiingia naye, muuzaji anamtazama mtoto juu mpaka chini, kisha anasema "saizi yake hatuna" kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alimpima mtoto wake nyumbani, taratibu, akanunua kwangu, akaniandikia kwamba ni mara ya kwanza mtoto amefurahia nguo mpya bila kulia kwanza. Mteja kama huyo kwenye duka lako huishia mlangoni, Baba, na wewe hujui hata kwamba alipita.

Biashara inakwenda vizuri sana. Usiwe na wasiwasi wa leso.

Binti yako

*

14 Machi

Binti yangu,

Marahaba.

Nimemfikiria sana yule mama mwenye mtoto mnene. Nimejaribu kukumbuka kama nami niliwahi kumtazama mtu hivyo. Inawezekana. Mtu ukikaa nyuma ya kaunta muda mrefu unajiona wewe ndiye mwenye haki ya kutazama.

Ngazi mbovu nimeitoa. Nimeitoa kwa sababu ilikuwa inaota kutu, usije ukasoma kisichoandikwa.

Halafu kuna mtu mmoja, humjui, alinunua gauni lako la bluu akapita nalo hapa. Nililishika kwa kuwa lilikuwa mbele yangu. Mwambie huyo Sindano wako kwamba mzee mmoja wa vitambaa amesema mkono wake ni mkono. Ila lile la kijani kola inabana, mtoto mwenye shingo fupi atalia. Hilo la kijani nimelisikia tu.

Sijabadili msimamo. Hii simu uliyoninunulia naitumia kutazama saa na kuona nani amefariki.

Tangu mama yako atutoke, jioni nikifunga duka napanda juu na hakuna wa kuniuliza limeuza nini. Wewe unaulizwa na Sindano. Ni bahati hiyo.

Baba

*

9 Aprili

Baba,

Naomba usome hii bila kusema "nilikuambia".

Kuna mtu ananipiga vita. Mteja akinunua kule huacha neno lake pale dukani, na kila anayepita baada yake analisoma kabla ya kufungua pochi. Ndiyo mlango wenyewe, Baba, yale maneno. Sasa yupo mmoja anajiita Mpenda Nguo. Ananunua gauni baada ya gauni, na kila mara anajifanya ananisifia, kumbe ananidhihaki. Sikunukulii, sitaki kuyaandika kwa mkono wangu. Mtu anayekutukana waziwazi unaweza kumjibu. Huyu anakuvika taji la miiba huku anatabasamu. Na kila akiandika, wenye soko wananisukuma chini, mpaka sasa mtu lazima atafute kwa kidole kwa muda mrefu ndipo anione.

Nilimwambia Sindano. Akasema labda ni mtu mpweke tu. Nilikasirika alivyolichukulia kwa wepesi.

Nilisema biashara inakwenda vizuri sana. Haikuwa hivyo sana. Ilikuwa inatambaa, lakini ilikuwa inatambaa mbele.

Kifungo

*

20 Aprili

Kifungo,

Tangu uondoke hukuwa umetia saini kwa jina hilo. Nimeliona nikakaa chini.

Nilimwomba kinyozi anionyeshe duka lako, maana mimi mambo hayo siyajui. Basi nimewaona. Wewe unasema mmoja, mimi nakuambia ni wengi! Wanaandika "safi sana", "limempendeza mtoto", "asante dada", halafu hapo hapo wanakutupa nyuma ya mlango. Nilipandisha sauti mpaka kinyozi akaninyang'anya simu. Watu gani hawa? Wamekukosea nini, au wewe uliwakosea nini?

Usiwajibu hata mmoja. Niachie mimi. Una watu hapa mtaani wanaokukumbuka ulivyokuwa unakaa juu ya kaunta na miguu inaning'inia, unakula vifungo. Mchonga funguo anakuulizia mpaka leo. Mama wa duka la dawa pia. Hakuna atakayekuona unazama akakunja mikono.

Sitasema nilikuambia. Nimelitafuna neno hilo na nimelimeza.

Baba yako

*

2 Juni

Baba,

Duka langu limefungwa. Wenye soko wameniandikia mistari michache: kiwango cha kuridhika kwa wateja kimeshuka kupita kinachokubalika, asante kwa kuwa nasi. Huko hakuna mtu wa kumwendea na kumshika shati. Ukijibu ile barua, inajibiwa na mashine.

Mwezi wa tano ndipo waliponimaliza. Mpenda Nguo alikuja na jeshi. Wapya, wengi, wote kwa sauti ile ile ya dhihaka, kama watu walioketi chumba kimoja. Na hapo ndipo nilipofumbua macho. Mpenda Nguo alikuwa ameandika juu ya pindo la ndani, lile lililopindwa mara mbili, ambalo kwenye picha halionekani. Nani anajua pindo la ndani kama si aliyelipinda?

Kulikuwa na jambo kati yetu. Sindano alikuwa ameniomba jina lake liwekwe kwenye lebo, chini ya langu, hata kwa herufi ndogo. Nilimjibu kwamba duka ni langu. Alinyamaza siku ile, nami nikaona yamekwisha. Kumbe hayakuisha.

Nilimwita nikamsomea yale maneno yote. Alikuwa na futi kamba shingoni. Aliivua, akaizungusha kidoleni mpaka ikawa duara, akaiweka mezani. Akasema, "Umemaliza?" Hakujitetea kwa lolote. Mimi nikasema kunyamaza ni kukiri. Nikasema na mengine ambayo siwezi kukuandikia wewe. Aliondoka na cherehani yake begani. Watu wawili kwenye ngazi walimsaidia kuishusha, na mimi nilisimama mlangoni nikitazama.

Kwa hiyo umeshinda. Sina fundi, sina duka, na magauni yalinunuliwa na watu waliotaka kunicheka. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuipenda kazi yangu, Baba. Hata mmoja. Umefurahi?

Binti yako

*

11 Juni

Kifungo wangu,

Si kweli. Futa maneno hayo. Nimekaa na siri hii tangu Februari na leo naitoa, hata kama utanicheka maisha yangu yote.

Mpenda Nguo ni mimi.

Nilianza wiki ile ile niliyokuambia sinunui hata leso. Niliona aibu, mwanangu. Nimesema neno kubwa, nalirudishaje? Nikanunua la bluu kwa jina la kujipachika, usije ukasema nimenunua. Lilipofika nililishika, nikaligeuza nje ndani kama ninavyofanya kwa kila kitambaa, nikakuta pindo la ndani limepindwa mara mbili, pale ambapo mwizi yeyote wa kazi angepinda mara moja. Nililia, nakuambia kweli. Kisha nikanunua la kijani, na la maua, na mengine yaliyofuata.

Kwa hiyo huyo Sindano hakuandika neno lolote. Pindo niliandika mimi. Mwite arudi haraka.

Kila gauni nililipa nyota moja. Simu inakuletea nyota zimepangwa mstari, nami nagusa ya kwanza, namba moja, kama jora la mbele. Mara ya kwanza ikaniuliza, "Ni nini hukupenda?" Nikaona ajabu, nikaandika: "Hakuna, nimependa kila kitu, Mungu akubariki wewe na aliyeshona." Kila mara ikaniuliza, kila mara nikajibu hivyo hivyo, na mara moja nikaongeza sifa ya pindo la ndani. Nilidhani ukisoma utafurahi kwamba yupo mtu asiyekujua anakuombea.

Halafu ukaniandikia kuhusu maadui, ukamtaja Mpenda Nguo; nikadhani umechanganya majina, na aibu ikanizuia kukusahihisha. Nikaenda kutazama, nikawaona, wanakusifia mdomoni huku wanakugongea nyota tano! Takataka ya nyuma ya mlango! Basi nikawakusanya watu. Nikakaa na kinyozi, mchonga funguo, mama wa duka la dawa na wateja wangu waliobaki, kila mmoja akanunua kwa simu yake, na mimi nikawaonyesha pa kugusa. Mama wa dawa alikuwa anabisha kidogo kuhusu nyota, nikamwambia, mama, mimi nimeuza vitambaa tangu hujaolewa, gusa ya kwanza. Tulitaka wazidi wale. Nasikitika tulichelewa, lakini usiseme hukupendwa. Mtaa mzima ulikupa nyota moja.

Magauni yangu nimeyatundika kwenye ile kona ya mbele. Nimeipaka rangi. Watu wanaingia, wanayashika, wanauliza bei, na wengine wameshanunua. Yule mama mwenye mtoto mnene simjui, lakini alikuja mmoja anayefanana naye, na nilijikaza nisimtazame mtoto, nikatazama futi kamba tu. Kona ni yako. Ilikuwa yako tangu mwanzo, ni mdomo wangu uliokuwa umesimama mlangoni.

Njoo. Uje na Sindano.

Baba

*

19 Juni

Sindano,

Simu yangu huipokei, na ningekuwa wewe nisingeipokea pia. Nakutumia barua kwa kaka yako.

Haikuwa wewe. Alikuwa baba yangu. Dukani kwake nyota moja ni kitambaa cha kwanza na nyota tano ni cha kufutia meza, ndivyo anavyopanga tangu sijazaliwa. Alikuwa ananipa zawadi. Mimi nilichora nyota hizo utoto wangu wote, nilikuwa na chaki kwenye kucha mpaka darasani, na sikumtambua. Hata pindo, alikuwa ameniandikia kwamba amelishika gauni la bluu na kuusifu mkono wako. Barua ilikuwa kwenye meza siku nilipokuwa nakufokea. Sikuwahi kukufikishia salamu yake. Nakufikishia sasa: mzee mmoja wa vitambaa amesema mkono wako ni mkono.

Kuna kona kwenye duka lake, mbele kabisa. Lebo itakuwa na majina mawili, na lako nitaliandika juu. Baba hajui nyota zake zilifanya nini, nami sitamwambia. Ameipaka kona rangi. Sina moyo.

Nisamehe. Ni mimi niliyemkosea mtu ambaye alikuwa karibu yangu kuliko wote.

Kifungo

*

30 Juni

Wewe,

Barua nimeipata. Nimerudi kiwandani, nashona mifuko ya magunia. Hakuna anayetazama pindo la ndani na hakuna anayenisomea maneno.

Mwambie baba yako nimepokea salamu. Simlaumu. Yeye hakujua maana ya nyota. Wewe ulikuwa unanijua mimi. Tumelala ukuta mmoja, unajua nikikohoa kwa homa na nikikohoa kwa vumbi la pamba, na ulihitaji mtu usiyemwona sura akuambie mimi ni nani.

Uliniuliza siku ile kwa nini nimenyamaza. Nilikuwa nangoja unitazame usoni. Ulikuwa unatazama simu.

Siji. Lebo andika jina lako peke yake, kama ulivyotaka.

Sindano (hili jina usilitumie tena)

*

4 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikaiweka chini ya mto. Nyota zako nimeziona zote, kila moja. Waambie kinyozi na mchonga funguo na mama wa duka la dawa kwamba nimeziona na zao, na kwamba nawashukuru. Mama wa dawa mwambie asibishe tena.

Nitakuja mwisho wa mwezi. Nitakuja peke yangu. Fundi amepata kazi mahali pengine, ana heshima zake kwako, na ndivyo mambo yalivyo. Nitajifunza kupinda mwenyewe, mara mbili, ingawa mapindo yangu hayatakuwa kama yake. Magauni yaliyobaki kwenye kona usiyauze tena, Baba. Yatoe kwenye rafu uniwekee. Ukiulizwa, sema yameshapata mwenyewe.

Na kule mtandaoni usinunue tena, tafadhali, kwa mtu yeyote. Hata kama kitu kimekufurahisha. Ukipenda kitu, mwandikie mwenyewe kwa mkono wako.

Chaki niachie mimi nikifika. Zako ni buibui.

Uliniambia neno zamani, nami nilijibu kwa kiburi. Sasa nakujibu vizuri. Duka langu halikufungwa kwa maadui. Lilifungwa kwa sababu uliyoniambia mwanzo kabisa, na watu wakiuliza hapo mtaani nitawajibu hivyo hivyo, mbele yako, ufurahi. Ulisema kweli, Baba. Mtu hanunui asichokishika.

Kifungo